Simu Isiyokufa

Simu yangu ya nne iliuawa na ng'ombe anayeitwa Brenda. Wakati inauawa, mkono wangu wa kushoto ulikuwa ndani ya Brenda huyo huyo karibu mpaka begani, kwa hivyo sikuwa na la kufanya ila kutazama.

Wacha nijieleze kabla hujaanza kunifikiria vibaya. Naitwa Lawrence Wabuge. Nyumbani ni Bungoma lakini naishi Yamumbi, na kazi yangu ni kupandisha ng'ombe bila fahali. Nabeba mbegu za mafahali wa maana kwa tangi la baridi nyuma ya pikipiki, nazunguka nazo Plateau, Sugoi na huko katikati, na mkulima akiona ng'ombe wake ameingia joto, yaani anataka fahali, ananiita, naenda namaliza kazi. Wakulima wananiita Daktari. Mimi si daktari. Kozi yangu ilikuwa ya wiki chache, na moja ya hizo wiki nilikuwa nimelazwa na malaria. Lakini mtu akikuita Daktari mbele ya bibi yako, utamsahihisha ya nini?

Siku hiyo nilikuwa Sugoi, kwa Mwalimu Rael. Simu ilikuwa kwa mfuko wa shati. Niliinama kidogo kutafuta njia, simu ikateleza, ikaanguka kwa ule uji wa kinyesi na mkojo nyuma ya ng'ombe, kioo kikiangalia juu, bado inawaka vizuri. Brenda akarudi nyuma hatua moja. Nikasikia kitu kimelia kra. Akasonga mbele kidogo, akawaza, akarudi tena akakanyaga mara ya pili.

"Daktari," Mwalimu Rael akasema kutoka kwa mlango wa zizi, "kuna kitu kimevunjika."

"Ni simu, Mwalimu."

"Nyingine?"

Hilo neno liliniingia vibaya, kwa sababu lilikuwa la haki. Ya kwanza niliiangusha kwa josho, ikaoga dawa ya kupe. Ya pili ilizama kwa karai la maji, ng'ombe akaendelea kunywa juu yake bila wasiwasi. Ya tatu niliiweka juu ya kiti cha pikipiki nikivaa gambuti, nikasahau, nikaondoka nayo hivyo hivyo, na mpaka leo sijui ilishukia wapi. Zote zilikuwa nyembamba, laini, za kung'aa. Nilizichagua kwa sababu niliona daktari hawezi kutoa mfukoni kitu kinachofanana na tofali. Huo ndio ulikuwa utaalamu wangu wa kuchagua simu: nilikuwa naangalia kama inafanana na mimi, na mimi mwenyewe nilikuwa na kinyesi mpaka kwa kwapa.

Nilipomaliza kunawa, Mwalimu Rael alinipa chai ya rangi, akakaa kwa stuli yake. Alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na kitu, na ukikaa mbele yake unajikuta umefunga vifungo vya shati. Ile chai ilikuwa ya rangi kwa sababu hakukuwa na maziwa. Brenda alikuwa amekauka. Ndiye ng'ombe wa pekee aliyebaki katika ile boma, na mama yake Brenda alinunuliwa na marehemu mume wa Mwalimu, kwa hivyo hapo hatukuwa tunaongea juu ya ng'ombe tu.

"Mwezi uliopita aliingia joto," Mwalimu akaanza. "Nilikutafuta mchana mzima. Simu yako ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa kwa mchele, Mwalimu. Inakaushwa."

"Ukaja kesho yake jioni. Hakushika. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mimi sina ubaya na wewe. Lakini ng'ombe asiye na maziwa na asiye na mimba ni mgeni anayekula tu. Leo umekuja kwa wakati, vizuri. Tungoje siku ishirini na moja. Asiporudi joto, tumshukuru Mungu. Akirudi, na nikutafute nikukose tena, nitampa Kiprotich."

Kiprotich ni dalali wa ng'ombe. Si mtu mbaya, lakini ng'ombe anaowanunua hukutana nao tena wakiwa wamening'inia dirishani kwa bucha. Nilimwangalia Brenda. Alikuwa anatafuna polepole, hajui kitu. Nikasikia aibu kweli kweli.

Mtu ambaye hajafuga anaweza kuuliza, kwani haraka ya nini? Haraka ni kwamba joto la ng'ombe halingojei mtu. Akianza asubuhi, unampandisha jioni. Akianza jioni, unampandisha asubuhi. Ukichelewa hapo, unangoja siku ishirini na moja nyingine. Na mimi nitajuaje ameanza? Kwa simu. Na Mwalimu Rael hapigi simu, anaflash. Anaiacha ilie mara moja, anakata, kisha wewe ndiye unapiga. Karibu wateja wangu wote wako hivyo. Simu yangu hulia kidogo kidogo mchana kutwa, na kila kilio kimoja ni ng'ombe wa mtu.

Nilirudi Yamumbi na ile simu ikiwa vipande kwa karatasi ya sukari. Bibi yangu, Nakhumicha, aliviangalia vile vipande. Alienda kwa kabati, akatoa kabambe yake ya zamani, ile ya vidude vya kubonyeza na tochi, akaipangusa, akaniwekea mbele.

"Tia laini yako hapa," akasema. "Hii imeangukia jiko, imeangukia choo, na inaongea."

Nilitia laini lakini nikanuna. Kwanza, majina ya wateja yote yalikuwa yamekufa na ile ya nne, kwa sababu niliyaweka kwa simu badala ya laini, kama mtu asiye na kichwa. Pili, kazi yangu siku hizi inataka simu ya picha. Mkulima anataka kukutumia video kwa Watsapu uone kama ng'ombe ni joto ama ni ugonjwa. Simu yangu ilikuwa na picha nyingi za ng'ombe kutoka nyuma kuliko za watoto wangu kutoka mbele. Na tatu, ambayo sikumwambia Nakhumicha, ni kwamba nilikuwa naona haya kutoa kabambe mbele ya watu. Kama ningebaki na hiyo kabambe, hii habari ingeisha hapa na mimi ningekuwa na heshima yangu.

Nilizunguka nikitafuta ushauri siku kumi na mbili. Amos, anayepima maziwa kwa kituo chetu, aliniambia ninunue yoyote halafu niivalishe raba. Joash wa kuchomelea vyuma alisema angenitengenezea kasha la mabati. Nilitaka kukubali, lakini nikafikiria nikipokea simu nikiwa nimeshika kitu kama kufuli ya geti. Mwishowe nikaenda mjini, nikapanda ngazi mpaka duka moja dogo la ghorofani ambapo msichana anayeitwa Linet anauza simu.

"Nataka simu isiyokufa," nikamwambia.

Linet aliniangalia viatu, akaangalia mikono, akaelewa. Akatoa tatu, akazipanga kwa kioo cha kaunta. Zote zilikuwa nene, na kona za mpira, na skrubu zinazoonekana nje. Mimi nikarukia ya kwanza, kwa sababu ilikuwa na rangi ya chungwa na ilikuwa rahisi.

"Hiyo wachana nayo," akasema. "Wameiandikia 'ngumu' hapo nyuma, lakini ukiuliza ngumu kwa nini, hakuna namba. Hiyo ni simu ya kawaida imevaa koti."

"Namba gani?"

"Kuna namba mbili unaangalia. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Hii ya katikati iko na sita na nane. Sita, vumbi haiingii. Nane, unaweza kuizamisha na utoe ikiwa hai. Lakini huu mpira mdogo wa hapa kwa chaji lazima uufunge. Ukiuacha wazi, hiyo nane haikusaidii."

"Na hii ya tatu?"

"Hiyo iko na kamera ya kuona joto la kitu gizani. Lakini bei yake utalia."

Kamera ya kuona joto! Moyo uliruka. Nikajiona nimesimama nje ya boma, nawaelekezea ng'ombe simu, inaniambia nani yuko joto na nani hayuko. Linet alipocheka mpaka akafunika mdomo ndipo nikajua nimesema hayo kwa sauti. Akanieleza kwamba joto hilo ni lile la moto na la injini. Bei aliyoitaja ilinirudisha kwa ile ya katikati haraka sana.

"Betri yake ni siku tatu," akaendelea. "Sauti yake, utaisikia ukiwa shamba lingine. Kioo kikivunjika tunacho hapa. Na iko na AI."

"AI?" nikasema. "Dada, mimi ndiye AI."

"Aje?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu. Waulize Sugoi nzima. Mtu wa AI ni mimi."

Hapo tulipotezana kabisa. Huku kwetu miaka yote ukisema AI kila mtu anajua ni kupandisha ng'ombe, na mimi nilishangaa sana kwamba wamefikisha mambo hayo ndani ya simu. Linet aliniambia ni akili ya mashine, inakuchujia mambo, inakujua unavyopenda. Sikuelewa lakini nilitikisa kichwa kama daktari. Nikalipa. Akaidondosha sakafuni mara mbili nione, akaiokota, akanipa.

"Nikusaidie kuiweka sawa?"

"Hapana," nikasema. "Nitaiweka mwenyewe."

Niliketi kwa hoteli hapo chini, nikaagiza chai na mandazi, nikaiwasha. Ikaniuliza lugha. Nikachagua Kiswahili, kwa maringo tu, ili mtu wa meza ya pili aone. Ikaanza kuniuliza maswali kwa Kiswahili cha watu wa mbali huko, kigumu kuliko ile simu yenyewe. Mengi nilibonyeza Ndiyo. Kisha ikaniuliza swali moja ambalo nilielewa vizuri sana, na nikafurahi.

Iliandika: "Ungependa kuchuja simu taka?"

Sasa mimi ni mtu wa maziwa. Kuchuja nakujua. Unamwaga maziwa kwa kitambaa, nywele na nyasi zinabaki juu, na chini unapata kile unachotaka. Na hii simu, kwa adabu zake, ilikuwa inaniuliza kama inichujie simu taka, yaani zile ambazo mimi nazitaka, za wateja, na kuwaacha matapeli juu ya kitambaa. Nikasema moyoni, kumbe hii ndiyo ile AI! Nikabonyeza Ndiyo kwa nguvu hata chai ikamwagika.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kuchukiza. Nilifika kituo cha maziwa, nikaitumbukiza simu kwa ndoo ya maji mbele ya watu wote, nikamwambia Amos, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kuandikwa humo, anipigie. Ikalia chini ya maji kama chura. Watu wakapiga makofi. Nikaitoa, nikaiweka chini, nikapita juu yake na pikipiki. Ikabaki nzima. Mzee mmoja akauliza kama inaweza kupigwa nyundo, nikasema leteni nyundo, na ikaletwa. Kazi ilikuwa imepungua sana wiki hiyo, wateja hawaflash, lakini sikuona ubaya. Nilikuwa na nafasi zaidi ya kuonyesha simu.

Siku ya ishirini na moja ya Brenda ikafika. Niliamka mapema, nikaweka simu mezani, nikaiangalia. Kimya. Nikanywa chai. Kimya. Mchana, kimya. Jioni, kimya kabisa. Nikaruka juu.

"Ameshika!" nikamwambia Nakhumicha.

"Nani?"

"Brenda! Angerudi joto, Mwalimu angeflash. Hajaflash. Ameshika mimba!"

Katika kazi yangu, habari njema haina sauti. Ng'ombe akishika, hakuna anayekupigia. Ukinyamaziwa, umefaulu. Nakhumicha alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa.

"Au simu imekufa," akasema.

Nilikasirika vibaya. Nikamwambia hii simu haiwezi kufa, imepigwa nyundo mbele ya mashahidi. Nikamwambia shida yake ni kwamba hajawahi kuamini kitu kipya katika maisha yake. Alijibu kwamba aliwahi kuamini kitu kipya siku aliyoolewa. Nikatoka nje nikapangusa pikipiki.

Siku ya ishirini na nne nilinunua mkate na sukari, nikaelekea Sugoi kupokea shukrani. Njiani nilikuwa naimba. Niliingia kwa lango la Mwalimu Rael nikipiga honi, nikashuka, nikainua mkate juu na kusema kwa sauti, "Hongera, Mwalimu!"

Mwalimu alikuwa amesimama karibu na zizi. Kando yake alikuwa Kiprotich, dalali, na kamba mkononi. Upande mmoja wa kamba hiyo tayari ulikuwa shingoni mwa Brenda.

"Hongera ya nini?" Mwalimu akauliza.

"Ya... mimba."

"Brenda alirudi joto siku tatu zilizopita, Daktari. Alilia tangu alfajiri. Nilikuflash mara kumi na nne. Ulipokosa kupiga, nikanunua kredo nikapiga kamili. Ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa. Nikajua umenichoka."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Ingekuwa heri angenichapa. Nilisimama na mkate wangu juu, sijui niushushe namna gani.

"Mwalimu, haki ya Mungu, haikulia. Hata mara moja. Hii simu haiwezi kukosa kulia!"

Mwalimu akatoa simu yake ndogo kwa mfuko wa aproni, akabonyeza namba yangu, anaijua kwa kichwa, akaiweka kwa sikio. Sisi watatu tukaangalia ile tofali mkononi mwangu. Kwake tulisikia inaita, halafu ikakatwa. Kwangu, kimya. Kiprotich alikuwa wa kwanza kucheka.

"Daktari," akasema, "hii ndiyo wanasema imepigwa nyundo?"

Nikaanza kubonyeza huku na huku. Nikafungua mahali pa simu zilizopigwa, nikakuta pahali pamoja sijawahi kufika. Juu pameandikwa "Simu taka zilizochujwa." Chini yake ni namba, namba, namba. Ya Mwalimu Rael, mistari kumi na sita, na ya sasa hivi ya kumi na saba. Na wengine wengi, wateja wangu wa Plateau, wa kila mahali, wote wameflash wamekatwa, namba hazina majina, zinalia mara moja zinakatika. Simu ilikuwa imewaona ni matapeli.

"Lete," Mwalimu akasema. Akavaa miwani. Akasoma, akanitazama juu ya miwani vile alikuwa akitazama watoto wa darasa la tatu.

"Hii ulibonyeza wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulielewa inauliza nini?"

"Ilitaka kujua kama inichujie simu ninazotaka."

"Taka ni nini, Daktari?"

"Ni... kutaka. Nataka, unataka."

"Taka ni uchafu. Taka ni zile unapeleka shimoni." Akaelekeza kidole kwa simu. "Hapa imekuuliza kama itoe zile simu za uchafu, na wewe ukakubali. Mimi ndiye uchafu."

Nikauweka ule mkate juu ya kiti cha pikipiki.

"Nani alikufundisha Kiswahili?"

"Hakuna, Mwalimu. Nilikiokota tu."

Hapo alianza kucheka. Sijawahi kumwona akicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi, akavua miwani akapangusa macho kwa aproni, akasema "oi, oi, oi" peke yake. Kiprotich naye alikuwa ameinama. Mimi nilicheka kidogo kwa sababu ningefanya nini. Kisha Mwalimu akageuka akamwona Brenda amesimama na kamba shingoni, na kicheko kikamwisha. Akampapasa kati ya pembe.

Kiprotich akakohoa. "Mama, nimetoka mbali. Tufunge hii mambo."

"Mwalimu," nikasema, "nakuomba. Atarudi joto baada ya siku kumi na nane. Nipe hizo."

"Na nitakupata kwa simu gani? Kwa hiyo?"

"Hutanitafuta. Nitakuja mwenyewe. Kuanzia siku ya kumi na tano nitakuwa hapa kila asubuhi na kila jioni, nitamwangalia na macho yangu. Nisipofika hata mara moja, mpe Kiprotich, na mimi usiniite Daktari tena."

"Kutoka Yamumbi?"

"Kutoka Yamumbi."

Alimwangalia Brenda, akaniangalia mimi. Nilikuwa nimeogopa kuliko siku ya mtihani wa darasa la nane, na ule nilikuwa na sababu ya kuuogopa. Mwishowe akamfungua Brenda ile kamba, akaikunja vizuri, akamrudishia Kiprotich.

"Njoo mwisho wa mwezi ujao," akamwambia. "Kama hajashika, nitakupa bila maneno."

Nilifuta ile kuchuja hapo hapo, Mwalimu akinisomea kila neno na kuniuliza maana kabla ya kubonyeza. Kurudi Yamumbi nilipigia wateja mmoja mmoja kuomba msamaha. Wawili walikuwa wamehamia kwa mtu mwingine, na sikuwa na la kuwalaumu. Nakhumicha nilimweleza yote. Hakucheka. Aliuliza tu, "Siku kumi na tano kuanzia lini?" akaandika kwa kalenda.

Nilikuja nilivyoahidi. Asubuhi na mapema natoka Yamumbi, nafika Sugoi na baridi imenikausha uso, naketi kwa ndoo iliyopinduliwa mbele ya Brenda. Ananiangalia, namwangalia. Jioni tena hivyo. Watoto wa jirani walikuja kuniona, wakaanza kuniita bwana yake Brenda. Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, saa kumi na moja jioni, Brenda akainua kichwa akalia kwa sauti ndefu, akazunguka zizi, akajaribu kuipanda wilbaro ya Mwalimu. Sijawahi kufurahia uharibifu wa wilbaro namna hiyo. Kesho yake jua linachomoza nilikuwa hapo na mbegu. Simu nilimpa Mwalimu ashike, akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Kisha tukangoja tena, siku ishirini na moja. Siku yenyewe sikutaka kuambiwa na mtu wala na mashine. Nilifika alfajiri, nikachukua ndoo yangu. Mwalimu akatoka na stuli yake akakaa kando yangu. Saa nne Kiprotich akaingia na kamba, akauliza, "Amelia?" Mwalimu akamwambia anyamaze, akae. Akakaa kwa jiwe.

Tulikaa hivyo, watu wazima watatu, tukiangalia ng'ombe. Simu yangu ililia mara moja, tukaruka wote, kumbe ni tapeli ananipongeza nimeshinda gari. Saa nane hivi Brenda alinyanyua kichwa, akafungua mdomo, akalia. Kiprotich akasimama. Mwalimu hakusonga, alishika tu magoti yake. Brenda akatembea mpaka kwa karai, akaliona halina kitu, akatugeukia akalia tena. Alikuwa anataka maji. Nilimchotea nikikimbia.

Jua likaanza kulala. Brenda alikuwa amelala chini, anacheua, macho nusu. Hakuna kulia, hakuna kuzunguka, hakuna ule ute wa joto. Nilimkagua mara ya mwisho, nikakuta mkavu na mtulivu, nikarudi kwa ndoo. Nikawatikisia kichwa kwamba joto hakuna. Kiprotich akaikunja kamba, akaitia chini ya kiti cha pikipiki yake, akatuaga vizuri, akaondoka.

Mwalimu Rael aliingia ndani ya nyumba. Nilidhani ameenda kuweka chai. Akatoka na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, kimekauka mpaka kinalia ukikigonga, na kijiti cha kusugulia, na maji ya moto. Akakaa kwa stuli, akamimina maji, akaanza kukiosha ndani.

"Mwalimu," nikamwambia, "bado miezi tisa."

"Hesabu naijua, Daktari," akasema, na akaendelea kusugua.